Manka, Pikapu Bado Haijapona

Lemara, Jumapili jioni

Mwanangu Manka,

Asubuhi uliniamkia nikiwa nimeinamia boneti, nikaitikia marahaba bila kukutazama usoni. Ukasema unaenda Kisongo kumuaga shangazi yako na utarudi jioni. Nikasema haya mama, msalimie sana. Halafu ukauliza, "Baba, pikapu iko sawa?" Nami nikajibu haraka haraka, "Iko sawa kabisa, kesho unaondoka." Manka, pikapu haiko sawa. Haijapona. Na mbaya zaidi ni kwamba wakati nakujibu nilikuwa najua.

Basi ndiyo nimekaa hapa kwenye meza ya jikoni, mikono inanuka grisi hata baada ya kunawa mara mbili, na karatasi imeshapata alama ya dole gumba. Mama yako yuko nje anaanua nguo. Anajifanya haniangalii. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, lakini unanijua mimi. Ukiingia mlangoni na hicho kicheko chako nitasema "karibu, shangazi hajambo?" na mambo yatakuwa yameishia hapo. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Mambo ya blanketi, ya sweta kwa kuwa huko Karatu uendako kuna baridi, ya kwenda hospitali mapema ukisikia homa, hayo mama yako ameshakuambia mpaka ukachoka. Siyarudii. Tena hata sijui hasa nianzie wapi, maana kichwa changu leo kimevurugika. Nilizoea kujua. Miaka yote hii watu wananiletea gari, nasikiliza injini, nasema tatizo ni hili, na wanaondoka wameridhika. Leo nimeshinda na gari langu mwenyewe nikalitazama kama mgeni.

Tuanze na pikapu. Tangu tulipokubaliana kwamba utaondoka nayo, wewe na godoro lako na sanduku la vifaa, nami nikaanza kuijaribu na mzigo, imekuwa ikichemsha. Tambarare haina neno, mshale wa joto unakaa katikati, umetulia kama mzee wa kanisa. Ikianza kupanda kilima tu, mshale nao unapanda. Nikasema rejeta imeziba. Nikaitoa, nikaizibua, nikaenda kuichomelea palipokuwa panavuja. Ikachemsha. Nikasema ni mfuniko wa rejeta, nikaweka mpya. Ikachemsha. Nikabadilisha mipira ya maji, nikabadilisha pampu, nikafungua hadi silinda hedi nikidhani imepinda. Haijapinda hata kidogo, imenyooka kuliko mimi. Na kila nilipobadilisha kitu nilikuja kwako nikapangusa mikono nikasema, "Sasa imepona." Umelisikia neno hilo mara ngapi? Mimi nilipofika mara ya tano niliacha kuhesabu.

Jana ndipo nilipoharibu kabisa. Wajomba zako wametoka Machame kuja kukuaga, pombe ya mbege imeletwa, watu wamejaa uani. Nikasimama. Nani aliniambia nisimame? Nikasema mwanangu anakwenda kuanza kazi ya matrekta kwenye shamba la ngano, na anakwenda na gari nililolitengeneza kwa mikono hii miwili. Wakapiga makofi. Mama yako akapiga vigelegele kidogo, vya adabu tu. Nikakuona umenitazama. Hukunitazama vibaya. Ulikuwa kama mtu anayengoja nimalizie sentensi, mimi nikakaa chini nikaomba nyama.

Usiku huo nililala vizuri, sitakudanganya. Asubuhi nilipoamka ndipo hofu iliponijia. Niliwaza ule mlima baada ya Mto wa Mbu. Uko peke yako, mzigo umejaa nyuma, kona moja baada ya nyingine, lori linakupulizia honi, mshale umegonga mwisho, na mvuke unatoka kwenye boneti. Wa kukushangaa pale ni nyani tu. Utafanya nini? Utasema, "Baba alisema imepona." Utaongeza mwendo kidogo ufike juu, kwa sababu uliniamini. Niliogopa, Manka. Niliogopa hadi nikaiacha chai mezani.

Sasa kuna jambo lingine ambalo linahusu hili, ingawa ni la zamani. Unalijua kovu la mama yako, lile linaloanzia kwenye kiwiko kwenda begani. Tangu ukiwa mdogo umesikia kwamba tulikuwa Kikatiti, gari likachemsha, mfuniko wa rejeta ukafyatuka wenyewe kwa ubovu, maji yakamrukia. Umewasimulia na rafiki zako hivyo. Kuna siku nilikusikia ukimweleza binti wa jirani, nikaondoka hapo nikaenda kujifanya natafuta spana.

Mfuniko haukufyatuka. Niliufungua mimi.

Ilikuwa siku ya soko, tumebeba ndizi za mama yako, wewe uko darasa la pili umebaki kwa bibi. Gari likachemsha pale pale mbele ya watu. Wakajaa. Unajua watu wanavyojaa gari likifunguliwa boneti, utadhani kuna mnada. Mzee mmoja akasema, "Fundi, acha ipoe kwanza." Kweli kabisa. Kila fundi anajua, hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua, injini ikiwa ya moto hugusi mfuniko. Lakini katika watu wale alikuwepo mteja wangu mmoja, niliyemkabidhi gari lake siku mbili kabla. Alikuwa ananitazama. Nikaona aibu kukaa tu nikingoja kama mtu asiyejua la kufanya. Nikasema, "Mzee, hii ni kazi yangu." Nikachukua tambara, nikamwita mama yako alete dumu la maji, na alipofika karibu nikazungusha mfuniko.

Sauti aliyotoa bado naisikia. Mimi nilirukia pembeni, yeye alikuwa na dumu mikononi hakuwahi. Na unajua neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Sikusema pole. Sikusema nimekuua mke wangu. Nilisema, kwa sauti, wale watu wasikie, "Mfuniko ulikuwa mbovu huu!" Tumefika hospitali daktari anauliza, namwambia mfuniko mbovu. Nimerudi nyumbani bibi yako anauliza, mfuniko mbovu. Nikautupa chooni kabisa asije mtu akauona, maana ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima, Manka. Mama yako akaanza kuvaa mikono mirefu kwenye kwaya, na hakuwahi kunisahihisha, si mbele ya watu wala tukiwa wawili chumbani.

Ninakuambia haya kwa sababu naona ni ugonjwa ule ule. Sio wa gari, wa kwangu. Nashindwa kusema sijui. Na mtu anayeshindwa kusema sijui atafungua mfuniko wa moto ili mradi aonekane anafanya kitu.

Haya, sasa nije kwenye lile unalolijua wewe, ambalo nadhani ulikuwa unalingoja jana.

Nilipojifunza kazi, fundi aliyenifundisha alikuwa na sheria moja kwa gari lolote lililokuja linachemsha. Kabla hujatazama kitu kingine chochote, unafungua pale mpira wa juu unapoingia kwenye injini, unatoa themostati, unaitupa. Alisema kile ni kifaa cha Wazungu, kimewekwa kwa ajili ya theluji, huku kwetu kinazuia maji bure. Mimi niliamini. Mtu niliyezaliwa Machame, ambako asubuhi ya mwezi wa saba unaongea na moshi unatoka mdomoni, niliamini kwamba huku kwetu ni joto! Nikatoa. Nimetoa nyingi sana, Manka. Nilizichomoa kwenye malori, kwenye magari madogo, kwenye trekta la padri. Kwenye pikapu yetu niliitoa wiki ile ile tuliyoinunua, kabla hata haijachemsha, kama vile mtu anavyobariki nyumba mpya.

Kisha wewe ukaja kutoka chuoni. Ilikuwa nimeshabadilisha pampu, nahangaika. Ukaniambia kwa adabu, "Baba, mimi nadhani tuirudishe themostati." Nikasema hiyo ndiyo nini tena. Ukaenda mjini ukatafuta inayofaa injini hii, ukarudi nayo, ukachukua sufuria ya ugali ya mama yako, ukateleka maji pale gereji kwenye jiko la mkaa, ukaitumbukiza ndani. Mama yako akapiga kelele za sufuria yake hadi mtaa wa pili. Mafundi wote wakaja. Maji yalipopata moto kile kitu kikafunguka chenyewe taratibu, na nilishangaa, lakini sikuonyesha. Ukachukua chaki ukachora sakafuni. Injini hapa, rejeta pale, na njia moja ndogo ya pembeni. Ukaeleza kwamba injini ikiwa baridi maji yanazunguka kwenye njia ndogo tu, na ikishapata joto themostati inafungua njia kubwa ya kwenda kwenye rejeta, na hapo hapo kile kisahani chake cha chini kinaziba ile ndogo. "Sasa Baba, ukiitoa, zote mbili zinabaki wazi. Maji mengi yanapita njia fupi, yanarudi kwenye injini yakiwa ya moto vile vile."

Na mimi nikafanya nini? Nikageuka kwa Lomayani na mafundi wenzake, nikasema, "Jamani njooni muone, profesa wetu anapika spea!" Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza, "Chumvi umetia?" Lomayani akacheka hadi spana ikamtoka mkononi. Na wewe ukacheka kidogo pamoja nao, ukaipua sufuria, ukafuta ule mchoro kwa kiatu. Kile kiatu kinanitesa. Nilikuona ukifuta, polepole, kama mtoto anayejifutia kosa ubaoni, na kosa halikuwa lako. Themostati ukaiweka kwenye kopo la boliti, na hujaitaja tena hadi leo.

Kwa nini hukubishana? Hilo pia silielewi. Mimi nilibishana na baba yangu kwa mambo madogo kuliko hayo, hadi akanifukuza nikalale kwa mjomba. Ulikuwa na haki yote, una cheti, umenionyesha kwa macho, na ulinyamaza. Nikajiambia amenyamaza kwa kuwa ameona nina uzoefu. Sasa siamini hivyo. Nadhani ulinyamaza ili nisiaibike mbele ya watu wangu. Yaani mtoto ndiye anayemtunzia baba uso. Ukiliandika hivyo linaonekana baya zaidi.

Leo sikwenda ibadani. Mama yako alienda peke yake, amekasirika. Mlipoondoka tu nikapakia mifuko ya mchanga nyuma ili gari liwe na uzito, nikaendesha hadi Kikatiti, nikakata kuelekea juu, barabara ya kupanda Sakila. Nilikuwa nataka kuthibitisha kwamba imepona, ili lile neno la jana liwe kweli. Sikufika mbali. Mshale ukaanza. Safari hii sikuongeza mwendo. Nikasimama pembeni, nikafungua boneti, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikugusa kitu chochote. Nilikaa juu ya jiwe nikangoja. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na kuni akanisalimu akasema, "Baba, limeharibika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni nini?" Manka, nilifungua mdomo kusema rejeta. Nikaufunga. Nikasema, "Mama, sijui." Akasema pole, akaenda zake. Hakunicheka. Hakuna kilichotokea.

Lilipopungua moto nikaweka kiganja cha mkono, polepole, hapa na pale. Ule mpira mwembamba wa njia ya pembeni ulikuwa unaunguza, sikuweza kuushika. Mpira mkubwa wa juu una joto la kawaida. Nikashuka chini nikagusa rejeta kwa upande wa chini. Ya baridi. Nikagusa tena nikidhani nimekosea. Ya baridi kama chupa ya soda. Injini inakufa kwa joto, na rejeta niliyoizibua na kuichomelea na kuipaka rangi imekaa tu haina kazi. Maji yalikuwa hayaendi huko. Yalikuwa yanapita njia fupi, kama ulivyochora.

Ungedhani nilifurahi, maana tatizo limeonekana. Wapi! Nilichanganyikiwa zaidi. Nikajiuliza, na yale magari mengine? Nimeyatoa kifaa hicho miaka yote na yakaenda. Au hayakwenda? Wateja waliorudi kulalamika niliwabadilishia pampu. Wasiorudi nikawahesabu wamepona. Labda walikwenda kwa fundi mwingine. Labda walikwama mahali. Labda injini nyingine hazina hiyo njia ya pembeni na kwao haikudhuru, na ndiyo maana nilidanganyika. Sijui ni mangapi. Nimekaa kwenye jiwe pale nikajaribu kukumbuka gari moja moja na wenyewe, nikashindwa. Sina hata njia ya kuwaomba radhi.

Nikarudi mdogo mdogo. Nikamwaga maji, nikafungua pale inapokaa, nikaitoa ile themostati yako kwenye kopo la boliti ili niifunge, nimalize, ukirudi ukute kazi imekwisha na mambo yaishe kimya kimya. Sasa hapa usicheke. Au cheka, umepata ruhusa. Nimeishika mkononi na sijui inavyofungwa.

Nimetoa zisizohesabika, Manka, sijawahi kufunga hata moja. Najua upande wa springi unaingia ndani kwenye injini, hilo linaonekana. Lakini kuna kipini kidogo sana kwenye ukingo wake, kinachezacheza ukiitikisa. Kinakaa juu au chini? Nikasema kinakaa chini ili maji yapite. Nikafunga. Nikawaza, hapana, labda ni cha kupitishia hewa, na hewa inapanda juu. Nikafungua. Halafu ile raba ya mviringo, inavalishwa kwenye ukingo kabla, au inalazwa kwenye tundu? Nikaivalisha, haikukaa. Nikailaza, ikateleza. Nikafunga tena, nikafungua tena. Mara nne. Gereji nzima ni yangu, kibao kina jina langu, na kitu chenye ukubwa wa kikombe cha kahawa kimenishinda. Ningeweza kumpigia fundi wa mjini nimuulize. Nilichukua simu. Niliona afadhali nikuulize wewe, na kwa kuona hivyo nikakaa kwenye ndoo nikalia kidogo. Mama yako alinikuta hivyo alipotoka kanisani.

Akaenda kubadilisha nguo, akatoka na ndizi zake akakaa karibu yangu akaanza kumenya. Ndipo nikamuuliza, "Mama Manka, kwa nini hukuwahi kusema?"

"Kusema nini?"

"Mfuniko. Wa Kikatiti."

Akaendelea kumenya. Akasema, "Mwanzoni nilingoja useme mwenyewe. Ukapita mwaka. Halafu nikaona aibu, utafikiri nimefungua mimi. Halafu nikazoea." Akaniangalia. "Mimi nilishazoea, Baba Manka. Lakini huyu mtoto usimzoeze."

Nikamwambia pole. Ndiyo, leo. Baada ya miaka yote hiyo. Akasema asante, akaniambia nikanawe mikono nile. Sijui kama amenisamehe au alikuwa na njaa tu. Hilo nalo limo kwenye orodha ya nisiyoyajua.

Sikuhubirii, mama. Nani mimi nikuhubirie. Ila kule uendako utakuta wanaume wamezeeka na hayo matrekta, na siku ya kwanza watakufanya vile nilivyokufanya mimi, na watakuuliza kama umetia chumvi. Naomba, wakifanya hivyo, usifute mchoro wako. Waache wacheke wakiwa wamesimama juu yake. Usinyamaze kwa ajili ya kumtunzia mtu uso, hata akiwa na umri wangu. Na ukifika siku usiyojua, sema hujui mapema, kabla watu hawajajaa. Mimi nimelisema neno hilo leo kwa mama wa kuni na bado niko hai. Lakini kama ungeniuliza jana ningekuambia haiwezekani, kwa hiyo hata ushauri huu nautoa nikiwa na mashaka nao.

Sasa ya kesho. Ulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Usiondoke. Pikapu imelala gereji boneti wazi, maji yametolewa, themostati iko juu ya kitambaa safi, sijaifunga tena. Nimempigia simu Lomayani. Nimemwambia aje saa moja asubuhi, na awalete wote waliokuwepo siku ya sufuria, asikose hata mmoja. Akauliza kuna nini, kuna gari kubwa limeingia? Nikamwambia hapana. Nimemwambia kazi niliyokuwa nawafundisha nimeikosea, Manka alikuwa sahihi, na kesho ataifunga mbele yetu. Nadhani alidhani mtandao umekatika, maana alisema halo, halo, na mimi nikarudia yote tangu mwanzo. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Ukishaifunga tutapanda Sakila, wewe ukiendesha na mimi nikiwa pembeni. Mshale ukitulia, utaondoka nayo. Mshale ukipanda, utakwenda Karatu kwa basi, na mizigo nitaitafutia njia, na hakuna mtu atakayesema pikapu imepona mpaka wewe ulitamke neno hilo. Usilitamke kwa kunihurumia. Ukinihurumia nitajua, na nitakuwa nimekupeleka mlimani na uongo mwingine.

Chaki nimeiweka mfukoni. Kesho utachora tena, injini, rejeta na ile njia ya pembeni. Nitakuuliza maswali, Manka, mengi, ya mtu asiyejua kitu. Nijibu kwa sauti ya juu, watu wote wasikie.

Ni mimi baba yako, sijui mengi, ila nakupenda, hilo nina hakika nalo.